Kopo la Anyang

Sauti ya Atiir ilisikika kanisani Jumapili moja ya Februari, wakati yeye mwenyewe alikuwa nyumbani kwake Kanamkemer, ameinamia redio. Mchungaji alikuwa amewaambia waumini wafumbe macho. Kabla hajatamka neno la kwanza la sala, spika zikakwaruza, kisha mwanamke akasema waziwazi: "Jaribio. Jaribio. Moja, mbili, tatu. Kuna mtu ananipata?"

Mzee mmoja wa kiti cha mbele akaitikia, "Tunakupata."

Ibada ilipokwisha, watu kama kumi na watano, mchungaji akiwa mmoja wao, walikwenda moja kwa moja kwenye duka la Atiir, lililokuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Walimjua. Alikuwa mama wa miaka arobaini na mmoja aliyewatengenezea simu na taa za sola. Lakini siku hiyo walisimama mlangoni wakiutazama waya uliotoka dirishani na kupanda hadi juu ya nguzo, kama watu wanaotazama nyoka darini.

"Hiyo kitu inasikiliza simu zetu?" mmoja akauliza.

"Haisikilizi simu za mtu."

"Na wale wezi wa mifugo wa upande wa Kapedo? Nani huwaambia mbuzi wako wapi?"

Atiir akawaonyesha leseni yake ya redio ya ridhaa, iliyoning'inia ukutani ndani ya fremu. Akawaeleza kwamba wenye leseni kama hiyo huzungumza kwa redio kwa kupenda tu, nchi hadi nchi, na mafuriko yakikata barabara na simu zikazima, wao huweza kupeleka habari. Mashine ile aliinunua mnadani ikiwa mbovu, na alikuwa akitaka kujua kama imepona.

Mchungaji aliisoma leseni mara mbili. "Na leseni sina neno," akasema. "Lakini usijaribu tena hewani mpaka uwe na hakika. Watu wameanza kuziogopa spika za kanisa lao."

Waliondoka wakinong'ona. Aliyebaki ni Nathan, mwalimu wa fizikia aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo, ambaye ndiye pekee aliyependa kuja kuangalia matumbo ya redio.

"Unahitaji dami, dada Atiir."

Atiir alijua hivyo. Dami ni mzigo wa bandia. Unaufunga kwenye redio mahali pa antena, redio inadhani inazungumza na dunia nzima, kumbe nguvu zake zote zinamezwa mle na kugeuka joto. Fundi anaweza kupima kwa nguvu zote na asisikike hata na jirani wa ukuta mmoja.

"Funga balbu ya wati mia," Nathan akasema. "Itawaka, utaona nguvu."

"Balbu ikiwa baridi ni kitu kimoja, ikiwaka ni kingine. Redio haitajua inasukuma nini. Tena balbu nayo inarusha mawimbi, mwalimu. Kanisa liko hapo tu."

Kesho yake alikwenda mjini kwa Kiplagat, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme. Kiplagat alikuwa na dami moja, mpya, nyeusi, yenye mapezi ya aluminiamu ya kutolea joto, na ubavuni imeandikwa wati mia mbili. Atiir akaipima kwa mita yake. Mita ikasoma omu hamsini, kama inavyotakiwa. Hata hivyo aliigeuza, akaitikisa, akaipima uzito kwa kiganja. Ilikuwa nyepesi mno.

"Niachie jioni hii tu," akamwambia Kiplagat. "Kitambulisho changu hiki hapa."

Nyumbani aliifunga kwenye redio kwa nguvu ndogo, na katikati akaweka mita inayoonyesha nguvu inayokataliwa na kurudi. Kwenye masafa ya chini sindano ilitulia. Alipopanda masafa ya juu, sindano ikaanza kuinuka, na kila alipopanda nayo ilipanda. Ile mita ya betri aliyopimia dukani haikuwa imemdanganya, ila isingeweza kumwambia kwamba mle ndani kulikuwa na waya uliozungushwa kama springi ya kalamu. Waya kama huo kwa umeme wa betri ni mtulivu, lakini kwa mawimbi ya redio unakuwa mnyama mwingine.

Alipoirudisha, Kiplagat alinuna. "Umeifungua?"

"Sijaifungua."

"Sasa umejuaje kilicho ndani?"

"Sindano imesema."

"Wewe mama, hata ukiuziwa chumvi utaiweka kwenye mita." Kiplagat akamrudishia kitambulisho. "Nenda Kakuma. Kuna Msudani anazitengeneza kwa mkono, anaitwa Anyang. Pengine huyo utamwamini."

Jina lile Atiir alilijua, na halikumtoka kichwani njia nzima ya kurudi.

Miaka minane nyuma, Atiir alikuwa opareta wa redio wa shirika moja la misaada huko Kakuma. Kazi yake ilikuwa kuita magari yaliyokuwa njiani na kuandika yamefika wapi. Anyang alikuwa fundi wa chumba cha redio, kijana mrefu kutoka kambini, mpole, asiyependa maneno. Mwezi mmoja redio mbili mpya, bado zimo kwenye maboksi yake, zilitoweka stoo. Kufuli haikuvunjwa. Watu waliokuwa na ufunguo ni wawili, yeye na Anyang. Waliulizwa mmoja mmoja, na hakuna kilichothibitishwa. Lakini mkataba wa Atiir ulipoisha haukuongezwa, na kila alipoomba kazi shirika lingine, mtu alikuwa amekwisha kupiga simu na kuuliza. Alirudi Lodwar na hesabu moja kichwani: kama si mimi, ni yeye.

Hata hivyo alikwenda. Alijiambia anafuata dami, na ilikuwa kweli. Kweli ya pili ni kwamba alitaka kuiona karakana ya Anyang.

Ilikuwa kibanda cha mabati pembeni mwa soko la kambini, jirani na mama wa Kikongo aliyetengeneza sabuni. Anyang alikuwa amenenepa kidogo na kuvaa miwani. Alipomwona mlangoni, aliweka chini chuma cha kulehemu polepole.

"Opareta," akasema. Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka minane.

"Ejok, Anyang?" akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Umepotea."

"Nipo tu."

Mkewe, Agot, akaleta chai ya rangi na kukaa karibu na mlango akichambua dengu. Atiir alikunywa huku macho yake yakitembea kwenye rafu: redio za teksi, megafoni, betri, koili za waya. Hakuona kitu alichokijua. Alipotaja dami, Anyang akatoa chini ya meza kopo la rangi la lita nne, kifuniko kimegongwa kwa nyundo pande zote, na juu yake kiunganishi cha kufungia waya wa redio.

"Ndani iko rezista ishirini," akasema, akionyesha kwa kidole ukubwa wa vile vipande vya kuzuia umeme. "Kila moja omu elfu moja. Ukifunga pamoja, sambamba, unapata hamsini. Si za waya. Ni za kaboni. Imezama kwenye mafuta ili isichomeke."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia. Ya transfoma ni nzuri zaidi, lakini watu huiiba kwenye nguzo, na polisi wakikupata nayo umekwisha. Hii yangu ukisikia imeanza kunuka, mwaga, weka mpya."

Atiir akapima. Hamsini. Akafunga mita ya nguvu na redio ndogo ya Anyang, akajaribu masafa ya chini na ya juu, na sindano haikutikisika popote. Ilikuwa dami safi kuliko yoyote aliyowahi kuiona. Hapo ndipo mashaka yalipozidi. Fundi wa kibandani anapata wapi rezista ishirini za kaboni zinazofanana?

"Fungua nione," akasema.

"Hapana, Opareta. Nimeziba na gundi. Nikifungua hapa, itamwaga mafuta kwa gari, mpaka Lodwar."

"Nitabeba wima."

"Ndiyo maana nimeziba, ubebe hivyo hivyo." Alisema bila kumtazama, akifuta miwani kwa pindo la shati. Agot aliacha kuchambua dengu.

Atiir alilipa, akalipakata kopo lile hadi Lodwar. Njiani kote aliona mikono ya Anyang ikifuta miwani.

Nathan alikuwepo jioni alipolifungua kwa bisibisi. Kifuniko kilitoka na fremu iliyoshika rezista, zimepangwa safu mbili kama mbavu, zikidondosha mafuta yaliyonuka chapati. Atiir akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Kila rezista ilikuwa na nukta ndogo ya rangi ya kijani.

Alikaa chini.

"Ni nini?" Nathan akauliza.

"Hiyo kijani ni yetu. Chumba cha redio. Kila kitu cha stoo tulikitia nukta ya kijani ili tukijue." Akazigusa nukta kwa kidole. "Miaka minane, mwalimu. Miaka minane watu wananitazama hivi hivi, na vitu vya stoo viko kwake."

"Si ulisema zilipotea redio? Hizi ni rezista."

"Mwizi wa kuku hachukui yai?"

Atiir alikwisha kuchukua simu. Alimpigia Koplo Kipchumba, askari wa Lodwar aliyezoea kumletea simu yake ikizima, akamweleza yote: redio mbili, ufunguo, kopo, nukta. Kipchumba alisikiliza. Aliuliza swali moja tu, na lilimshangaza Atiir.

"Ulisema kuna mafuta ndani?"

"Ndiyo, lakini ni ya—"

"Sawa mama. Nitaongea na wenzangu huko."

Asubuhi iliyofuata Atiir alifungua sanduku la chuma chini ya kitanda, alimoweka karatasi za kazi yake ya zamani. Alitaka kuandika maelezo yenye tarehe. Akapata barua ya mkataba, akapata barua ya kutoongezwa mkataba, na katikati ya hizo akapata nakala ya orodha ya vitu vibovu vya kutupwa. Alikuwa ameusahau ukurasa huo kabisa. Mstari wa saba ulisema: "Dami moja. Kopo limepasuka, mafuta yamevuja. Rezista 20. Itupwe." Chini kulikuwa na tarehe, miezi minne kabla ya redio kutoweka, na chini ya tarehe, mahali pa kuidhinisha, sahihi yake mwenyewe.

Aliisoma tena, kisha tena, akitafuta namna ya kuusoma mstari ule uwe na maana nyingine. Haikuwepo. Vitu vya orodha ile vilitupwa shimoni nyuma ya ofisi, na yeyote aliyetaka aliokota. Anyang aliokota.

Akampigia Kipchumba. "Koplo, ile habari niliyokupa, nimekosea. Nina karatasi hapa."

"Umechelewa mama. Walimchukua jana jioni. Walikuta mtungi wa lita ishirini za mafuta nyuma ya karakana, na huko transfoma imekaushwa mafuta wiki mbili tu zimepita. Mtaa mzima hauna stima. Hiyo si habari ya rezista tena."

Atiir alikunja orodha, akafunga kopo kwa kamba, akatoka kutafuta gari. Nathan alimkuta barabarani.

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Sijui. Naenda kusema."

Kituo kilikuwa kidogo, vyumba viwili na kivuli cha mabati mbele, kando ya barabara inayoingia Kakuma. Agot alikuwa ameketi kwenye kivuli na mfuko wa chakula mapajani. Alimwona Atiir akishuka na kopo. Alilitazama kopo, kisha uso wake, na Atiir akaona jinsi mambo yalivyounganika kichwani mwa mwanamke yule bila kuambiwa neno.

"Ni wewe," Agot akasema.

"Ni mimi. Nimekuja kurekebisha kosa langu."

"Binti yetu mkubwa alishahamishiwa ng'ambo, kama mkimbizi. Sisi tunangoja kumfuata. Wakiandika kesi ya wizi kwa faili ya baba yake, hatutatoka. Unajua hiyo?"

Atiir hakuwa akijua. Aliingia ndani.

Sajenti Nangiro alikuwa mtu wa Lorugum, mwenye sauti ya chini na macho yasiyofumba upesi. Aliisoma orodha, akailinganisha sahihi na kitambulisho cha Atiir, akairudisha.

"Hii inasafisha rezista," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Haisafishi mafuta. Wewe jana unasema huyu mtu mwizi. Leo unasema mzuri. Kesho utasema nini? Amekulipa?"

"Hajanilipa. Hata hajajua niko hapa. Afande, yale ni mafuta ya kupikia. Yanuse tu."

"Nimenusa. Hapa watu wanasema kuna wauza chipsi wanakaangia mafuta ya transfoma. Inanuka chipsi pia."

"Basi nitakaanga kitu nile mbele yako."

"Na hao wanaokula chipsi, si wanakula?" Sajenti akaegemea kiti. "Dada yangu, mafuta ni mafuta. Mpaka itoke maabara, huyu anakaa. Na maabara iko mbali, lazima tumpeleke mbele ya hakimu kwanza."

Atiir akatoka nje. Agot hakumwangalia. Lakini karibu naye sasa alikuwa ameketi yule mama wa Kikongo, mtengeneza sabuni, aliyekuja kumtazama jirani yake. Jina lake lilikuwa Céline. Atiir akajikuta anawaeleza wote wawili alichoambiwa, kwamba mafuta ni mafuta.

Céline akacheka kwa dharau. "Nani amesema? Miye napika sabuni miaka kumi. Mafuta ya kula inakuwa sabuni. Mafuta ya motokari ukitia soda kali, haikamate. Inabakia tu vile, miaka na miaka. Sabuni haina kudanganya muntu."

Atiir alimtazama. Aliyaelewa maneno yale mara moja, kama anavyoelewa mchoro wa redio. Akamshika mkono, wakaingia kwa Sajenti.

Nangiro alikataa kwanza. Kisha akauliza maswali, na maswali yake yalikuwa mazuri. Atajuaje kwamba hiyo soda kali haigandishi kila kitu? Atajuaje kwamba hawatabadilisha mafuta? Atiir akasema, "Chota mwenyewe. Chota kwenye mtungi, chota kwenye kopo hili, na chukua oili ya jenereta yenu. Zote tatu zifanyiwe kitu kimoja mbele yako." Sajenti akampigia fundi mmoja wa kampuni ya umeme anayemfahamu, akaweka simu kwenye spika, akamwuliza bila kumwambia sababu kama mafuta ya transfoma yanaweza kutengeneza sabuni. Fundi alidhani anataniwa. Alisema hayawezi; yanatoka kwenye petroli kama oili ya injini.

"Haya," Nangiro akasema.

Ndoo tatu ndogo na soda kali zikaletwa kutoka kibandani kwa Céline, zikawekwa kivulini. Sajenti alichota mwenyewe, akaandika namba kwa chaki, na hakumruhusu Céline kujua ipi ni ipi. Céline alipasha mafuta moto kidogo, akachanganya soda na maji kwa kipimo chake, akafunga kitambaa puani, akaanza kukoroga kwa mti. Alikoroga ya kwanza, akampa Agot ya pili, akampa Atiir ya tatu. Jua lilipanda, kivuli kikasogea, nao wakasogea nacho. Askari wawili walisimama wakitazama. Mmoja aliuliza kama wanawake hawa wanaroga, na Sajenti akamwambia anyamaze.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, na Atiir alianza kuogopa. Vipi kama Anyang alidanganya? Vipi kama yale mafuta ya kopo ndiyo ya kupikia, na ya mtungi ni kitu kingine? Aliona aibu kuwaza hivyo akiwa na mti mkononi, lakini wazo lilikuja lenyewe, kwa njia liliyoizoea.

Kisha ya kwanza ikaanza kuwa nzito kama uji. Baadaye kidogo, ya pili. Céline akainua mti wake, na michirizi iliyoanguka ikabaki imelala juu bila kuzama. Ndoo ya Atiir ilikuwa bado maji na mafuta. Kila alipoacha kukoroga, vilitengana.

Sajenti akaja, akachungulia zote tatu, akaangalia kijitabu chake. Moja ilikuwa mtungi. Mbili ilikuwa kopo. Tatu ilikuwa jenereta.

"Hm," akasema. Akaandika ukurasa mzima, wakautia sahihi Atiir, Céline na yeye mwenyewe. "Namwachia. Sijasema simwangalii. Na wewe, siku nyingine ukitaka kusema mtu mwizi, kwanza fungua sanduku yako."

Anyang alitoka bila mkanda na bila kamba za viatu, akiwa ameshika miwani mkononi. Alimsalimu mkewe kwa lugha yao. Alipomwona Atiir, alisimama.

"Nilijua utafungua," akasema. "Hiyo kijani, nilijaribu kukwaruza, ikakataa kutoka. Nikasema, akiona, atafikiri vile anafikiri siku zote. Ndiyo nikaziba."

"Ungeniambia uliokota shimoni."

"Ungeniamini?"

Atiir aliikunjua orodha, akaikunja tena.

"Hata mimi nisingekuamini," Anyang akasema. "Miaka minane, Opareta, mimi nilijua ni wewe. Ufunguo ulikuwa wawili. Mimi sikuchukua. Basi ni nani?"

"Mimi?" Atiir alihisi uso wake ukiwaka. "Mimi nilifukuzwa!"

"Na mimi walinitoa mwezi uliofuata. Wewe ulishaenda Lodwar. Hukuuliza."

Walisimama juani wakitazamana, kila mmoja akimpima mwenzake, na hakukuwa na mita ya kazi hiyo. Atiir alitafuta usoni mwa Anyang kile alichokuwa na hakika nacho kwa muda mrefu hivyo. Aliona tu mtu aliyelala usiku kwenye sakafu ya seli.

"Sikuzichukua zile redio," Atiir akasema mwishowe.

"Wala mimi."

"Nifanye nini, Anyang?"

Anyang alifikiri. "Polisi walinitoa pale mbele ya watu. Soko lote liliona. Twende, useme mbele ya watu."

Wakaenda. Ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na Atiir alibeba kopo, sasa halina mafuta, fremu ikiwa ndani. Mbele ya karakana watu walikusanyika haraka, kwa kuwa habari ya kukamatwa ilikuwa bado mbichi. Atiir alisimama kwenye jiwe la mlangoni, akasema jina lake na anakotoka. Akasema kwamba yeye ndiye aliyewaita polisi, na kwamba kitu alichodhani kimeibwa alikuwa amekitupa yeye mwenyewe kwa kalamu yake. Sauti yake, iliyozoea kuita magari ya mbali bila kutetemeka, ilitetemeka. Mtu mmoja akatafsiri kwa Kiarabu cha Juba, mwingine kwa Kisomali. Mzee mmoja akauliza, "Na sisi tutaaminije wewe sasa?" Lilikuwa swali la haki, naye akasema hana jibu zaidi ya karatasi, akaipitisha mikononi mwao, hata kwa wasiojua kusoma.

Anyang alilichukua kopo ndani. Aliifuta fremu ya rezista, akaikagua kila moja kwa mita, akamimina mafuta mapya kutoka kwenye mkebe wa mafuta ambayo Agot alikuwa akipikia. Mara hii alifunga kifuniko kwa skrubu nne.

"Ukitumia nguvu zote, dakika tano, si zaidi," akasema. "Kisha iache ipoe. Na toboa tundu ndogo hapa juu, mvuke utoke."

"Sawa."

"Kwa nini hukununua ya Kiplagat?"

"Ilikuwa ya waya ndani."

Anyang alitikisa kichwa kama fundi anayesikia upuuzi wa fundi mwingine. Hakutabasamu, lakini alitoboa lile tundu mwenyewe.

Jumamosi Atiir alilifunga kopo kwenye redio kubwa. Nathan alishika saa. Walianza kwa nguvu kidogo, wakapanda, na sindano ya nguvu inayorudi ikalala chini kama imegandishwa. Katika wati themanini redio ilianza kuyumba. Ikawa ni kapasita moja, kipande cha kuhifadhi chaji, iliyochoka, ambayo asingeigundua kamwe kwa balbu wala kwa mapezi ya Kiplagat. Akaibadilisha. Wakajaribu tena. Wati mia, dakika tano, kopo likawa vuguvugu kama sufuria ya maziwa, na katika Kanamkemer nzima hakuna aliyesikia kitu. Wiki iliyofuata alirudisha antena, akahamia masafa yasiyoingia kwenye spika za watu, akaita. Mwanamume mmoja wa Mwanza akamjibu, akamwuliza Lodwar ni wapi, na kama mvua zimenyesha.

Zile redio mbili hazikupatikana. Wapo wengine waliokuwa wakiingia stoo ile, akiwemo mkuu wa ofisi aliyekuwa akiazima funguo "kwa dakika moja", na Atiir amejikuta akianza kumfikiria huyo, kisha akajikanya, kisha akafikiria tena. Hana karatasi ya hilo.

Yeye na Anyang huzungumza kwa simu mara moja moja, habari za kazi tu: rezista, mafuta, nani wa kituo kipi anahitaji dami. Amemtumia wateja watatu. Anyang akiwa mbali na meza, Agot ndiye anayeichukua simu. Akisikia sauti ya Atiir, haiitikii wala haikati. Anaiweka mezani, na Atiir anasikiliza sauti za soko, na Céline akibishana na mteja, mpaka Anyang arudi.